NDEGE WAWILI WA MATETE: WANAFANANA KAMA PACHA, ILA MMOJA ANATUTOKA

Leo tuweke kando siasa, tuweke kando Simba na Yanga, tuongelee ndege. Najua kuna mtu hapo ameshashika mausi anataka kuhama. Tulia kidogo ndugu yangu, muda uliolipia bado upo. Hii stori ina Bagamoyo ndani yake, ina Iraq, ina Saddam Hussein, ina maji ya bomba ya Dar, na ina ndege mwenye uzito wa vijiko vinne vya sukari. Ukifika mwisho utaniambia kama nimekupotezea muda.

Ilianza hivi. Januari ya mwaka jana nilikuwa kaskazini ya mji wa Bagamoyo, upande ule mto Ruvu unapokaribia kumwaga maji baharini. Asubuhi mapema, kaskazi inapuliza, jua bado halijaanza ukali wake. Kwenye kichaka kimoja kilichoshikana hasa, pembeni ya maji, nikasikia ndege anajisemea mwenyewe, taratibu, sauti ya chini ya kukwaruza. Nikamsubiri. Akachungulia sekunde kama tatu hivi: mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, mdomo mrefu. Akarudi ndani. Nikatoa daftari nikaandika jina la ndege wa matete ninayemjua, yule mkubwa, moja. Nikaondoka zangu nimeridhika.

Kumbe nilichofanya ni sawa na mtu aliyeona gari jeupe limepita akasema ni la jirani yake. Kuna ndege wawili wanaofanana namna hiyo, wote wanafika pwani yetu msimu mmoja, wote wa kahawia, wote wanapenda kujificha. Mmoja yuko kibao duniani. Mwingine yumo kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Na mimi sikuangalia kitu chochote ambacho kingeniambia yupi ni yupi.

Kwa hiyo leo naeleza namna ya kuwatofautisha, na kwa nini kuwatofautisha ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana.

NI AKINA NANI HAWA?

Kiswahili cha mtaani hakiwatenganishi hawa. Ukiuliza utaambiwa "tudege twa kwenye matete" basi, imeisha. Kwa hiyo kwa ajili ya makala hii mimi nitawaita Mkubwa na wa Basra. Mkitaka kuwatafuta kwenye mtandao tumieni majina yao ya kisayansi: Mkubwa ni Acrocephalus arundinaceus, wa Basra ni Acrocephalus griseldis. Hilo neno la kwanza ndiyo jina la ukoo, na mnaona wenyewe wanalo moja.

Wote ni wahamiaji. Hawazai huku. Mkubwa anazalia Ulaya na sehemu za magharibi na kati ya Asia, eneo kubwa sana. Wa Basra anazalia sehemu ndogo tu, na nyingi ya sehemu hiyo ni vinamasi vya kusini mwa Iraq, karibu na mji wa Basra, ndiyo maana ya jina. Baridi inapokaribia huko kwao, wadudu wanaanza kuadimika, wanafunga safari kuja Afrika.

Mkubwa anatawanyika karibu Afrika yote iliyo kusini ya Sahara. Ukimkuta Ghana sawa, ukimkuta Zambia sawa. Wa Basra anajibana kwenye ukanda wa mashariki tu: kusini mwa Somalia, kusini mashariki mwa Kenya, mashariki mwa Tanzania, kusini mwa Malawi, na Msumbiji. Angalia ramani. Bagamoyo ipo katikati ya njia.

Kwa mstari ulionyooka, kutoka Basra hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 4,000. Ndege wa gramu 16 anaruka umbali huo, tena usiku, halafu miezi michache baadaye anageuza.

KHABARI YA BASRA NA SISI SI YA LEO

Wazee wa pwani ukiwatajia Basra hawakumbuki vita kwanza, wanakumbuka tende. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi kutoka Ghuba, yakaleta tende za Basra mpaka Lamu, Mombasa, Unguja na mrima wote huu. Upepo wa kusi ulipoanza yakarudi, yamepakia boriti za mikoko za kujengea nyumba huko kwenye nchi isiyo na miti. Mwandishi mmoja wa Australia, Alan Villiers, alipanda bumu la Wakuwaiti mwaka 1938 akaja nalo hadi Unguja na delta ya Rufiji, akaona kwa macho yake boriti zikipakiwa mwaka 1939.

Sasa ukitazama ratiba ya huyu ndege utacheka. Anatoka Iraq kuanzia mwezi wa nane na wa tisa, anapumzika Sudan na Ethiopia, anapita Kenya mwezi wa kumi na moja na kumi na mbili, anafika kwetu wakati kaskazi imeshakolea. Mwezi wa tatu kwenda wa nne, kusi ikianza kunusa, anafungasha. Njia ya tende na boriti ile ile, msimu ule ule. Bumu limekwisha, ndege bado anasafiri.

WATAALAMU WENYEWE WALICHANGANYIKIWA

Kama umewaza kwamba mimi ni mzembe kwa kushindwa kuwatofautisha, sikiliza hii.

Wa Basra alipewa jina la kisayansi mwaka 1891 na Mjerumani aitwaye Gustav Hartlaub. Na ndege aliyetumika kumtambulisha kwa dunia hakutoka Iraq. Alitoka Nguru, huku huku kwetu Tanzania. Yaani dunia ilimjua ndege wa Basra kwa mara ya kwanza kupitia kwetu, akiwa likizo!

Baada ya hapo wataalamu wengi wakamshusha cheo. Wakasema huyu si ndege wa peke yake, ni aina tu ya Mkubwa, mtoto wa baba mmoja aliyepauka rangi. Miaka ikapita vitabu vikiandika hivyo.

Waliokuja kugeuza mambo walikuwa wanafanya kazi jirani hapo Kenya. Kuna sehemu inaitwa Ngulia, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, kwenye hoteli iliyo ukingoni mwa mlima. Usiku wa mwezi wa kumi na moja na kumi na mbili, kukiwa na ukungu na hakuna mbalamwezi, ndege wahamiaji wanaopita angani wanapotea, wanavutwa na taa za hoteli, wanashuka kwa maelfu. Tangu mwaka 1969 watu wamekuwa wakiwanasa hapo kwa nyavu laini, wanawapima, wanawavisha pete ndogo mguuni yenye namba, wanawaachia. Ndege waliovishwa pete pale hadi leo ni mamia ya maelfu.

Ukiwa na ndege mkononi, mmoja baada ya mwingine, huwezi kudanganywa na kichaka. David Pearson na Graeme Backhurst, wawili waliokuwa kwenye kazi hiyo, walichapisha mwaka 1988 makala kwenye jarida la British Birds wakaeleza vipimo, rangi na tabia, wakasema huyu wa Basra ni spishi yake mwenyewe. Hawakubahatisha, walikuwa nao wengi mkononi. Uchunguzi wa vinasaba uliofuata nao ukaunga mkono.

Shika hiyo 1988. Tutarudi kwayo.

HAYA SASA, UTAWATOFAUTISHAJE?

Hapa ndipo penye kazi. Ukiwa porini usitegemee alama moja. Kusanya tatu au nne, zikikubaliana ndiyo useme.

1. UMBO NA UZITO. Mkubwa ni mkubwa kweli. Kwa kawaida ana gramu 25 hadi 35, yaani kama shomoro wa mjini aliyeshiba au zaidi kidogo. Wa Basra anacheza kwenye gramu 15 hadi 19. Ni karibu nusu yake! Lakini porini huna mizani, na ndege aliyejitutumua manyoya anakudanganya. Angalia mwendo badala yake. Mkubwa akitembea ndani ya kichaka utajua: matete yanayumba, majani yanapiga kelele, kama vile kuna panya humo. Wa Basra anapita mwepesi, kichaka kinatikisika kidogo tu.

2. MDOMO. Hii mimi ndiyo naipenda. Mkubwa ana mdomo mnene, mzito, kama wa ndege anayekula vitu vya maana. Wa Basra mdomo wake ni mrefu lakini mwembamba, umechongoka kama sindano ya kushonea mikeka. Kwa kichwa chake kidogo unaonekana mrefu zaidi ya ulivyo.

3. RANGI YA MGONGO NA TUMBO. Wote kahawia, sikatai, lakini kahawia zinatofautiana. Ya Mkubwa ni ya moto, inaelekea rangi ya chai ya maziwa, na ubavuni ana umanjano uliochuja. Ya wa Basra ni ya baridi, kahawia iliyochanganywa na kijivu na uzeituni, na chini ni mweupe zaidi. Onyo: jua la saa sita linaua rangi zote, na ndege aliyemaliza safari ndefu manyoya yake yamechakaa. Angalia asubuhi, angalia kivulini.

4. USO. Wote wana mstari mweupe juu ya jicho, kama nyusi. Kwa wa Basra mstari huo ni mweupe safi na unaonekana wazi, na chini yake kuna mstari mweusi unaopita kwenye jicho. Uso unakuwa na ukali fulani. Kwa Mkubwa nyusi zimefifia kidogo, uso wake mpole.

5. MKIA NA MIGUU. Mkia wa wa Basra ni mweusi mweusi kuliko mgongo. Akiruka mbele yako akaupanua, utaona ule weusi. Miguu yake inaelekea kijivu. Ya Mkubwa kwa kawaida ina rangi ya nyama nyama au kahawia nyepesi.

6. SAUTI. Mkubwa anapiga kelele kama chura mwenye hasira: karra-karra-krii-krii, anapandisha anashusha, unamsikia toka mbali. Wa Basra naye anakwaruza, lakini taratibu, chini chini, bila ile milio ya juu ya kupasua masikio. Ni kama mzee anayesoma gazeti kwa kunong'ona. Na huku kwetu wanaimba, hasa mwishoni kabla ya kuondoka, kwa hiyo mwezi wa tatu ni mzuri kwa masikio.

7. MAHALI. Hapa usiwe mkali sana maana ndege ana miguu na mbawa. Ila wa Basra akiwa Afrika anapenda vichaka vizito vya kijani karibu na maji: kingo za mito, mabonde yanayofurika, pembezoni mwa vinamasi. Mkubwa hachagui kiasi hicho. Matete sawa, nyasi ndefu sawa, hata kichaka cha nyuma ya nyumba.

Kwa wale watakaobahatika kuwa karibu na watu wanaovisha pete: bawa lililokunjwa la wa Basra halifiki sentimita 9. La Mkubwa kwa kawaida linafika na kupita. Kwa rula tu, ubishi unakwisha.

Na kuna mtego mwingine. Ukoo huu una ndugu zao wenyeji ambao hawasafiri, wapo hapa hapa kwenye matete mwaka mzima. Kwa hiyo ukimwona ndege wa namna hii mwezi wa saba, sahau Basra. Wageni wote walishaondoka.

KWA HIYO NINI? NDEGE SI NDEGE TU?

Nilijua mtauliza. Twende Iraq.

Kusini mwa Iraq kuna mito miwili mikubwa inayokutana, Tigris na Euphrates. Waliosoma Biblia ya Kiswahili wameikuta kwenye kitabu cha Mwanzo kwa majina ya Hidekeli na Frati. Hapo inapokaribiana kulikuwa na vinamasi vya ajabu, maji na matete mpaka macho yanachoka, takriban kilomita za mraba 15,000 hadi 20,000. Watu wake waliishi juu ya maji. Nyumba zao za matete, mitumbwi yao, nyati wao, samaki wao. Na humo ndani ndimo ndege wetu anamojenga kiota.

Mwaka 1991, baada ya vita ya Ghuba, watu wa kusini walimwasi Saddam. Walipozidiwa, wengi wakakimbilia kwenye matete. Serikali yake ikaamua jambo moja la kikatili: kama hatuwezi kuwapata ndani ya maji, tuondoe maji. Wakachimba mifereji, wakajenga matuta, mito ikageuzwa njia. Ilipofika mwaka 2000, karibu asilimia 90 ya vinamasi ilikuwa imekauka. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti mwaka 2001 likionyesha picha za setilaiti. Palipokuwa na kijani pamekuwa chumvi na vumbi. Watu wapatao laki kadhaa wakahama.

Sasa rudi kwenye 1988. Huyu ndege alirudishiwa utambulisho wake miaka mitatu tu kabla ya matingatinga kuingia. Fikiria isingetokea. Fikiria mwaka 1991 vitabu bado vinamwita aina ya Mkubwa. Kinamasi kinakauka, mtu anauliza vipi yule ndege wa matete? Anajibiwa, aah, yupo, mbona Ulaya nzima wamejaa. Na jibu lingekuwa sahihi kwa karatasi, huku ndege mwenyewe anaisha kimya kimya ndani ya jina la mwenzake.

Nitoe mfano wa hesabu, ni mfano tu. Chukua una daftari, na kwenye bonde lako kuna ndege 100 wa matete wageni. 90 ni Mkubwa, 10 ni wa Basra. Wewe huwatenganishi, unaandika 100. Miaka kumi inapita, wa Basra wamebaki 2. Unahesabu tena, unapata 92. Unasema mambo shwari, wamepungua kidogo tu. Kumbe kwenye kumi wanane wamekwenda. Daftari halikudanganya kwenye namba. Limedanganya kwenye jina.

Ndiyo maana nasema kosa langu la pale Ruvu si dogo.

KUNA HABARI NJEMA PIA, ILA USISHANGILIE MAPEMA

Mwaka 2003 utawala wa Saddam ulianguka. Watu wa vinamasi hawakungoja mradi wala semina. Walichukua sururu na mashine walizopata, wakabomoa matuta, maji yakarudi. Sehemu kubwa haikurudi, lakini palipopata maji matete yaliota tena haraka kuliko wengi walivyotegemea. Shirika la Nature Iraq, lililoanzishwa na injinia Azzam Alwash, mtu ambaye baba yake alikuwa akimpeleka humo kwa mtumbwi utotoni, likaanza kukagua mwaka 2005. Ndege wetu wakamkuta, anazaa kwenye matete yaliyofufuka. Alwash alipewa tuzo ya Goldman mwaka 2013. Mwaka 2016 UNESCO ikaviingiza vinamasi hivyo kwenye Urithi wa Dunia.

Lakini maji yanatoka mbali, na huko juu Uturuki na Iran wamejenga mabwawa, halafu na ukame umepiga. Kati ya 2021 na 2023 hali ilikuwa mbaya tena, nyati wakafa, watu wakahama kwa mara nyingine. Ndege bado yumo kwenye ile orodha ya hatari. Mkubwa yeye hana presha. Akikosa kinamasi kimoja ana bara zima.

Na huyu Mkubwa tusimdharau kwa kuwa yuko wengi. Watafiti waliwafunga wale wa Sweden vifaa vidogo sana vya kupima, matokeo yakatoka mwaka 2021: wakivuka Sahara, usiku wanaruka kwenye mita kama 2,400, kukicha wanapanda mpaka zaidi ya mita 5,000, na mmoja alifika mita 6,267. Kilimanjaro ni 5,895. Yaani anaruka juu ya Uhuru Peak kwa nguvu ya manyoya tu.

NA HUKU KWETU JE?

Ndege mhamiaji ana nyumba mbili. Ukiokoa moja ukabomoa nyingine, hujamwokoa. Iraq wanahangaika na maji yao. Sisi tunaye kwa miezi mitatu minne ya kaskazi, na anachokitaka ni kichaka kizito kando ya maji. Tuulizane, vichaka hivyo viko wapi?

Bonde la Ruvu linalimwa, na si vibaya, watu wanakula. Mpunga, mboga, miwa. Shida ni pale jembe linapofika mpaka ukingoni kabisa, kichaka cha mwisho kinapofyekwa, na kiangazi kinachomwa moto kusafisha. Mikoko nayo inakatwa kwa boriti na mkaa, ingawa ni hifadhi ya serikali na kuikata bila kibali ni kosa. Mto wenyewe ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar. Mwishoni mwa mwaka 2022 ukame ulipopiga na Ruvu ikapungua, Dar iliingia kwenye mgawo wa maji, mnakumbuka foleni za ndoo. Kile kichaka kinachomficha ndege ndicho kinachoshika udongo wa ukingo usiporomoke mtoni. Ndege na ndoo yako wako upande mmoja kuliko unavyofikiri.

Tuna bahati ya kuwa na Saadani hapo kaskazini, hifadhi ya taifa tangu 2005, inayogusa bahari na yenye mto Wami unaoingia baharini. Ila ndege hasomi kibao cha mpaka. Kati ya Ruvu na Wami kuna vichaka vingi ambavyo havina mlinzi zaidi yetu.

TUNAWEZA KUFANYA NINI SISI VIJANA?

Si lazima uwe na digrii. Mimi mwenyewe nimeishia sekondari. Fanya hivi:

- Nenda kati ya Desemba na Machi, saa 12 mpaka saa 3 asubuhi. Usiende peke yako, Ruvu ina mamba na viboko. Waamkie wavuvi na wakulima wa hapo kwanza, shikamoo haigharimu kitu, na wao wanajua kichaka gani kina nini.

- Ukiwa na darubini vizuri. Ukikosa, una simu: rekodi sauti. Sauti huwezi kuibishia baadaye.

- Andika ulichoona, si ulichodhani. Badala ya kuandika jina, andika "mdomo mwembamba, nyusi nyeupe, mkia mweusi". Jina litakuja baadaye. Mimi ningeandika hivyo siku ile, leo ningekuwa na jibu.

- Usipokuwa na hakika andika "mmoja kati ya wawili". Hiyo si aibu. Aibu ni kuandika jina la uongo.

- Peleka taarifa zako eBird au kwa watu wa Tanzania Bird Atlas, wapo mtandaoni. Rekodi moja ya kweli ya Bagamoyo ina uzito.

- Wadogo zetu wenye manati, tuwaeleze. Si kwa kuwafokea. Mwambie mtoto kwamba huyo ndege ametoka Iraq usiku usiku mpaka hapa, uone kama hatashusha manati.

- Mwenye shamba mtoni, acha mstari wa kichaka ukingoni. Hatua chache tu.

Mimi kaskazi ikianza tena nitarudi kwenye kichaka kile kile. Lile daftari la mwaka jana nimelikata mstari kwa wino mwekundu, pale nilipoandika "Mkubwa 1" nimeandika alama ya kuuliza. Safari hii nitakaa mpaka atoke, nimtazame mdomo.

Mdau wa Mbegani, wa Kaole, wa Makurunge, wa Saadani, na ninyi wa Kunduchi na Mbweni huko: mmewahi kumsikia huyo mnong'onaji kwenye vichaka vya mtoni? Na nyumbani kwenu mnamwitaje? Kama kuna mzee ana jina lake la Kiswahili, lishusheni hapo chini kwenye maoni, maana ndege asiye na jina ni rahisi sana kumpoteza.

Naomba kuwasilisha.